Muhogo Uliotiwa Mkono

Msomaji, usijisumbue kuitafuta nchi hii kwenye ramani. Wenyewe ramani wanayo, tena imechorwa vizuri kwa wino wa rangi nne, lakini Mtukufu Kiongozi hajapata nafasi ya kuitia mkono, na katika nchi hiyo kitu kisichotiwa mkono hakipo. Ndiyo maana mipaka yao hawaijui, na majirani wamekwisha kujimegea kidogo kidogo.

Habari ya mkono ilianza kwa heri. Mwaka wa kwanza wa utawala wake, Mtukufu alikwenda kuzindua kisima huko kaskazini. Akaushika mpini wa pampu, na kabla hajauachia mvua ikanyesha. Ulikuwa mwezi wa Aprili, na mwezi wa Aprili mvua za huko hunyesha hata kama hakuna aliyeshika kitu, lakini waliokuwepo walipiga magoti. Bunge likakaa, likapitisha Sheria ya Kutiwa Mkono: fanikio lolote la taifa, liwe daraja, liwe dawa, liwe mtoto aliyefaulu mtihani, halitatambuliwa mpaka liguswe na kiganja kitupu cha Mtukufu. Kisichotambuliwa hakiuzwi, hakigawiwi, hakitajwi redioni. Daraja la mto Sasanda lilikaa miaka mitatu limekamilika, watu wakipita chini yake kwa kuogelea, kwa kuwa Mtukufu alikuwa na mafua. Wala hawakununa. Walisema mkono una kazi nyingi.

Sasa basi, katika nchi hiyo alikuwepo mtafiti mmoja, Dakta Zawena Chambuso, mwanamke mfupi, mkali wa maneno, mwenye tabia ya kunusa vitu kabla ya kuviamini. Alifanya kazi Taasisi ya Mazao, na katika mazao yote alishughulika na muhogo, na katika maradhi yote ya muhogo alishughulika na moja tu, michirizi ya kahawia. Ugonjwa huu ni mnafiki. Juu majani yanacheka, shina limenyooka, mwenye shamba anapita akijisifu. Siku ya kung'oa anakuta mzizi umeoza ndani, una madoa ya kahawia, mgumu kama kizibo, hata nguruwe anaususa. Zawena alikuwa msichana alipomwona mama yake aking'oa shamba zima kule Kilindimo, shina baada ya shina, bila kupata cha kutia chunguni, kisha akakaa chini katikati ya mashimo na kucheka. Kicheko kile Zawena hakukisahau. Aliuchukia ugonjwa ule kama mtu anavyomchukia mwizi anayemjua kwa jina.

Miaka ishirini na miwili aliufukuza. Alichanganya muhogo wa huku na muhogo wa kule, akachungulia vinasaba vyake, akatupa, akaanza upya. Mumewe alimwambia achague baina yake na mihogo, naye akaomba apewe muda mpaka baada ya mavuno. Mwishowe akaupata: muhogo ambao virusi vilipandikizwa ndani yake, navyo vikafa kwa kukosa wa kumwonea. Aliuhifadhi kwenye vichupa vya maabara, miche midogo ya kijani imesimama kwenye jeli ya sukari na madini, kila kichupa kimefungwa kwa kifuniko. Humo ndani hapakuwa na hata kijidudu kimoja. Kimoja kikiingia, hata kile kinachokaa kwenye ngozi ya mkono ulionawa, ukungu hutawala na mche hufa. Mlinzi wa vichupa alikuwa Bi Asteria, mwenzake wa miaka yote, ambaye aliwahi kumfukuza Mkurugenzi wa Taasisi kwa kosa la kupiga chafya koridoni.

Jina muhogo ule haukuwa nalo. Zawena alisema jina ataupa atakayeula.

Kilichobaki ni kuufikisha kwa wakulima kabla ya masika. Dada yake Mwajabu, aliyebaki Kilindimo na watoto wake, hakuchoka kupiga simu. "Zawena, mwaka huu tena tumelalia uji wa pumba. Hiyo mbegu yako inakuja, au bado inapakwa poda?" Lakini mbegu isiyotiwa mkono ni magendo, na mwenye magendo alikuwa anafungwa, na anayepokea naye anafungwa. Kwa hiyo Zawena, ambaye maishani mwake hakutaka kutambuliwa na mtu zaidi ya muuza duka anayemkopesha sukari, akaomba kutambuliwa.

*

Mkaguzi wa mafanikio alikuja baada ya kukumbushwa na kukumbushwa tena. Naye alikuwa Bwana Gervas Mkaruka, Mkurugenzi wa Utambuzi, pamoja na watu wa itifaki waliojaza basi. Wizara ya Utambuzi ilikuwa na wafanyakazi wengi kuliko watafiti wote wa nchi ile, na hilo ni jambo la busara, kwa kuwa kutambua ni kazi ngumu kuliko kugundua. Mgunduzi anagundua mara moja akapumzika. Mtambuzi anatambua kila siku mpaka saa ya chai.

Bwana Mkaruka alikataa kuvaa soksi za plastiki mlangoni. Asteria naye akakataa kumfungulia. Ikabidi fanikio litolewe nje, limepakatwa na Zawena kama mtoto mchanga.

"Ehe, liko wapi?" Mkaruka akauliza.

"Hili hapa, mheshimiwa."

Mkaruka akainama, akavua miwani, akaivaa tena. "Hivi vijani?"

"Ndiyo. Ni muhogo usioingiwa na michirizi. Mzizi wake hauozi."

"Dakta, mimi nimetambua bwawa la umeme. Nimetambua uwanja wa ndege. Hili la kwako lina urefu gani?"

"Kama kidole cha shahada."

"Na unataka televisheni ya taifa ije kupiga picha kidole!" Akageuka kuwatazama watu wa itifaki, nao wakatikisa vichwa kwa huzuni. "Haliwezi kukua kidogo kabla ya sherehe ya Alhamisi?"

Zawena akaona mwanya. Akasema kwamba shambani kuna muhogo ule ule umekomaa, una urefu wa mtu, na anaweza kuuhamishia kwenye ndoo nzuri. Mtukufu aushike anavyotaka, aukumbatie akipenda, hautadhurika. Mkaruka akamsikiliza kwa upole wa mtu anayemsikiliza mgonjwa wa homa.

"Muhogo kwenye ndoo hata shangazi yangu anao. Hapo sayansi iko wapi? Sayansi ni chupa, Dakta. Wananchi wakiona chupa wanajua fedha yao imesoma. Mtukufu atazifungua chupa jukwaani, atatia mkono, basi."

"Mheshimiwa, chupa hizi zikifunguliwa nje ya kabati la hewa safi, ukungu unaingia. Na mkono, mkono wa mtu yeyote..."

"Mkono wa nani?"

Mtu wa itifaki aliyekuwa anaandika aliacha kuandika, akasubiri.

"Mkono wa mtu yeyote wa kawaida," Zawena akasema polepole, "una vijidudu."

"Ahaa. Basi hapo hatuna tatizo."

Akaondoka ameridhika, akiagiza vichupa vipambwe kwa utepe. Zawena akabaki ameegemea ukuta, na hasira yake ilikuwa kubwa hata akashindwa kutukana. Kila mmoja pale Taasisi alikumbuka yaliyompata Profesa Lwakisa, mtaalamu wa mbegu za uyoga. Alitambuliwa hadharani, chupa zake zikatiwa mkono, na baada ya siku chache zote zikageuka ukungu wa kijani. Gazeti la serikali likaandika kwamba uyoga umevaa rangi ya bendera. Profesa akatupa chupa zake kimya kimya, akalipwa pongezi, na siku hizi anafuga bata. Ukimtajia uyoga anaondoka mezani.

*

Wazo lilimjia Zawena akiwa anaosha vyombo nyumbani kwake, na asubuhi akamweleza Asteria mlango ukiwa umefungwa.

Nyuma ya jengo lao kulikuwa na kitalu namba tisa, ambacho wenyewe walikiita wodi. Humo walipanda mihogo iliyoambukizwa michirizi kwa makusudi, ili wapate virusi vya kufanyia majaribio. Miche ya wodi ilikuwamo pia kwenye vichupa, rafu ya peke yake, kila kimoja kimebandikwa karatasi iliyoandikwa "Kitalu 9". Kwa macho, mche wa wodini na mche mzima ni mapacha.

"Tutampa hivi vya wodini," Zawena akasema. "Avishike, avitomase. Vitaota ukungu kama uyoga wa Lwakisa, watavitupa, hakuna atakayesema neno. Sheria itakuwa imetimia, na sisi tutagawa mbegu yetu safi."

"Kwa nini vya wagonjwa, Dada Zawena? Si tutafute tu muhogo wa kawaida?"

"Tuutoe wapi, chupani, kabla ya Alhamisi? Vilivyo tayari ni vyetu vizima na hivi. Unataka nivitoe vizima?"

Asteria alifuta meza ambayo ilikuwa safi. "Mficha maradhi..."

"Kifo humuumbua, nimekusikia. Lakini hapa ninayemficha ni mzima."

Asteria alifunga utepe kwenye vichupa vya wodini, mmoja mmoja, kwa mafundo mazuri kuliko yalivyostahili.

*

Alhamisi ikafika, Uwanja wa Taifa ukajaa. Wanafunzi walikuwa wameletwa tangu alfajiri ili wafurahi. Zawena aliketi safu ya watambuliwa, chini ya spika kubwa ya muziki, vichupa vyake vikiwa mezani mbele ya kiti cha Mtukufu juu ya kitambaa cha dhahabu.

Utambuzi ulikwenda kwa utaratibu wake. Alitambuliwa Waziri wa Utambuzi, kwa kutambua. Alitambuliwa mtafiti wa chanjo ya kuku, ambaye alikuwa amekwisha kufariki akisubiri, na hivyo hakusumbua watu wa itifaki kwa habari ya kiti. Alitambuliwa msanifu wa mwaliko. Kisha mshereheshaji akafungua faili la Zawena. Zawena alikuwa amewapelekea wasifu wa ukurasa mmoja, nao wakaurekebisha kidogo ili uwe na ukweli mpana zaidi.

"Dakta Zawadi Chamboko!" mshereheshaji akanguruma. "Alizaliwa katika familia maskini lakini yenye nidhamu! Akiwa binti mdogo, msafara wa Mtukufu ulipita mbele ya shule yao, naye akapungiwa mkono! Tangu siku hiyo akaipenda sayansi! Muhogo huu, ndugu wananchi, ni matunda ya mpungo ule!"

Uwanja ukapiga makofi. Zawena alikwenda jukwaani akitembea kama anayekwenda kwa mganga wa meno. Alivikwa Nishani ya Kiganja, mkono wa shaba wenye uzito wa tofali, daraja la Mchango Mdogo Uliowezesha Mkubwa. Katika hotuba yake aliruhusiwa neno "asante". Alilisema, naye mshereheshaji akamshukuru kwa kuwa mfupi.

Ndipo Mtukufu akasimama. Alikuwa mzee sasa, mwili umekwisha, ila mkono wa kuume ulikuwa umetunzwa. Ulikuwa na msaidizi wake, mwenye cheo cha kanali, aliyeupaka mafuta na kuubeba kwenye mto mdogo. Mtukufu akakisogelea kipaza sauti.

"Ndugu zangu. Sayansi ni nini? Sayansi ni mkono. Mkono ukishika kalamu, ni elimu. Ukishika jembe, ni kilimo. Ukishika nchi, hauachii."

Makofi hayo yalikuwa marefu, kwa maana hakuna aliyetaka kuonekana wa kwanza kuacha. Kanali akafungua kifuniko cha kichupa cha kwanza. Mtukufu akatia vidole, akaushika mche, akaupapasa. Kisha, jambo ambalo halikuwamo kwenye ratiba, akakitoa kidole kimejaa jeli, akakitazama, akakilamba.



"Tamu," Mtukufu akasema. "Kumbe hawa wanasayansi wanakula vizuri."

Baada ya hapo Baraza la Mawaziri halikuzuilika. Walipanga foleni kwa vyeo, kila mmoja akatia kidole chupani na kulamba, Waziri wa Fedha akarudi mara ya pili. Bwana Mkaruka alifumba macho alipolamba, akanong'ona kwamba anauhisi wanga. Zawena akajiinamia. Watu wa karibu walidhani analia kwa furaha. Kusema kweli alikuwa anazuia kicheko, na kicheko chenyewe, alipokitambua, kilimwogopesha. Kilikuwa kile cha mama yake.

*

Hata wiki haikuisha, vichupa vilivyowekwa kwenye ukumbi wa Wizara vikaota nywele, nyeusi na za kijani. Lakini hapa Zawena alikuwa amekosea hesabu. Uyoga wa Lwakisa hakuna aliyeulamba. Huu muhogo serikali nzima ilikuwa imeula mbele ya taifa, na Mtukufu alitamka kwamba ni mtamu. Haukutupika. Gazeti likaandika kwamba muhogo umeota manyoya ya heshima, Bunge likaupa jina la Muhogo wa Mkono, na Mtukufu akaamuru kila kaya ipande kabla ya mvua ya kwanza.

Mbegu ikahitajika, tena nyingi. Bwana Mkaruka si mjinga kama unavyomdhania. Alikigeuza kichupa, akasoma ile karatasi iliyobandikwa, akaona imeandikwa Kitalu 9. Akatuma malori.

Zawena aliwakuta wanajeshi wodini na mapanga, wamekwisha kukata zaidi ya nusu, mashina marefu yaliyonyooka, yanayopendeza macho, wanayafunga mafungu mafungu. Hakumbuki alivyofika Wizarani. Anakumbuka tu kwamba alipita mlango wa Mkaruka bila kubisha hodi, na kwamba hakukaa.

"Mheshimiwa, yasimamishe yale malori. Ule ni muhogo mgonjwa. Mimi mwenyewe niliuambukiza. Siku ile jukwaani niliweka chupa za wagonjwa kusudi, nilimdanganya Mtukufu. Nifunge. Niite polisi sasa hivi, nitasema mbele yao. Lakini malori yasimame."

Alikuwa amejiandaa kwa jela, na njiani alikuwa amekwisha kuwaza nani atamchukua Siwema, binti yake. Mkaruka alisimama, akafunga mlango, akamsogezea kiti, akammiminia maji.

"Dakta, umechoka. Kutambuliwa kunachosha, nimeona wengi."

"Sijachoka. Nimesema nimedanganya."

"Nimekusikia. Sasa nisikilize na mimi, dada yangu. Muhogo ulikuwa mgonjwa lini? Kabla ya mkono au baada?"

"Kabla na baada! Virusi haviogopi mkono!"

"Kabla, sawa. Baada, umetiwa mkono, basi umepona. Ukisema haukupona, unasema nini juu ya mkono?" Akatabasamu, wala hakuwa na ubaya usoni. "Siwezi kukufunga. Nikikufunga, lazima niandike kosa, na nikiandika kosa lazima lisomwe. Hiyo taarifa yako haijatambuliwa, Dakta, na isiyotambuliwa haipo. Nenda nyumbani ukalale."

"Watu watakufa njaa."

"Kunywa maji," Mkaruka akasema.

Maji alimwagia kwenye zulia. Hilo nalo halikutambuliwa.

Kesho yake waliletewa barua Taasisi kwamba, ili kulinda usafi wa Muhogo wa Mkono, mihogo mingine yote ya majaribio isiyotiwa mkono iteketezwe. Wanajeshi wakalichoma shamba la mihogo mizima mbele ya Zawena. Vichupa wakavimwaga kwenye pipa la mafuta ya taa, kimoja kimoja, kwa kuwa afisa msimamizi alikuwa mtu mwangalifu. Asteria alisimama kando na kontena lake la chakula cha mchana mkononi, analia waziwazi, na afisa akamwonea huruma, akamwambia akapumzike. Akaenda. Ndani ya kontena, chini ya wali, kulikuwa na kichupa.

Zawena akampigia simu dada yake.

"Mwajabu, mkiletewa muhogo wa serikali, msipande."

"Tumekwisha panda! Diwani kaja na mgambo, asiyepanda anatiwa ndani. Lakini nani atakataa? Nimewaambia wote aliyeugundua ni mdogo wangu, tumbo moja. Hapa nimekuwa mtu, Zawena! Tumepanda kwa nyimbo. Majani yake sijapata kuona, yanang'aa!"

"Ng'oeni, dada yangu. Nakuomba. Unaoza."

Mwajabu akasema kwa sauti ya chini, yenye kuumia, "Ndiyo mkishatambuliwa mnakuwa hivi? Hutaki na sisi tupate?"

*

Mvua zikanyesha vizuri. Mihogo ikastawi nchi nzima, majani yakacheka. Bwana Mkaruka akapandishwa cheo, akawa Waziri.

Msimu wa kung'oa ukafika. Sitaeleza kila kijiji. Kilindimo walianza kung'oa asubuhi wakiimba, na kabla ya adhuhuri hapakuwa na anayeimba. Kote ilikuwa hivyo, mzizi wa kahawia, mgumu, unaonuka. Watu wakala mizizi ya porini, wakauza milango ya nyumba zao. Mwaka huo watoto wadogo na wazee walizikwa bila matanga, maana matanga yanataka chakula. Mtoto wa mwisho wa Mwajabu alikuwa mmoja wao. Mwajabu hakupiga simu tena.

Serikali nayo haikukaa kimya. Baraza likakutana usiku kucha, kwa maana jambo lilikuwa zito: kilichooza kilikuwa na jina la mkono. Waziri Mkaruka akasimama na kuikumbusha nchi haki iliyosahaulika. Akasema, je, ni uungwana mtafiti afanye kazi miaka ishirini na miwili, halafu fanikio lake liitwe kwa jina la mwingine? Wenzetu walioendelea huwaenzi wataalamu wao kwa kuvipa vitu majina yao. Mawaziri wakaguswa. Wengine walifuta machozi.

Tangazo lilisomwa redioni kila saa. Kuanzia siku hiyo, kwa kutambua kazi yake ya maisha, muhogo ule utaitwa Chambuso. Kwa mara ya kwanza jina lilitamkwa sawasawa, herufi kwa herufi, na picha yake ikabandikwa kwenye maghala yote matupu. Ilikuwa picha ya zamani ya chuoni, ana nywele ndefu na mashavu, hata yeye mwenyewe hakujitambua.

Jina likaenea kuliko barabara. Mzizi uliooza ukaitwa chambuso. Mtu mwongo akaitwa chambuso. Mtoto akililia chakula, mama akamwambia, nyamaza, kuna chambuso tu. Hakuna mtafiti katika nchi ile, kabla wala baada, aliyepata kujulikana kwa kiasi hicho.

*

Taasisi ilimstaafisha kwa heshima, wakamwachia ule mkono wa shaba. Akahamia mtaa wa pembeni ya mji ambako hakuna anayeuliza mtu alisomea nini. Huko anaitwa Mama Siwema. Nyuma ya jiko lake amepanda muhogo mmoja uliotoka kwenye kontena la Asteria, ukawa miwili, ukawa kichaka. Mkono wa shaba anaegemezea mlango wa banda la kuku.

Siku moja jirani yake, Mama Tuli, alikuja kuomba moto, akakuta sufuria inachemka. Akapewa kipande. Akakitafuna, akaomba kingine.

"Mama Siwema! Muhogo gani huu? Mweupe pe, unga mtupu! Tangu mama yangu afe sijala muhogo kama huu."

"Wa hapo nyuma tu. Nenda kachukue mbegu. Kata mashina unayotaka, uwape na ndugu zako wa shamba."

Mama Tuli alishika panga, kisha akasita. Akarudi hatua moja, akayatazama yale majani yanayong'aa kwa jicho la mtu aliyewahi kudanganywa na majani.

"Ngoja kwanza, jirani. Usinione mbaya. Huu una jina?"

"Jina utaupa wewe uliyeula."

"Maana mimi nilizika wawili mwaka ule. Nimeapa, kitu cha yule mwanamke hakitagusa udongo wangu. Yule Chambuso. Sijui alizaliwa na nani. Niambie kweli, huu hauna uhusiano naye?"

Zawena alisogeza kuni zilizokuwa hazihitaji kusogezwa. Moshi ulimwingia machoni, akaufurahia.

"Hauna," akasema.

"Apa."

Nyuma ya Mama Tuli mashina yalikuwa yamesimama, mazima, yanangoja kukatwa, na mvua zilikuwa karibu. Dakta Zawena Chambuso akainua kidole juu, akamwapia Mungu kwamba muhogo ule haukupata kuguswa na Chambuso, wala Chambuso haujui, wala hahusiani nao kwa lolote.

Ndipo Mama Tuli akakubali kuuchukua.